Mpango Uliopitishwa, Kazi Isiyobadilika



Nimeombwa nizungumzie ugumu wa kutekeleza mipango mkakati katika asasi zetu za kiraia. Asasi nyingi hapa nchini zinayo mipango hiyo. Zina dira na dhima, zina malengo matano au sita, zina bangokitita, yaani jedwali lenye viashiria na mistari mingi ya shughuli. Bodi imepitisha, mwenyekiti ametia saini, kitabu kimechapwa kwa rangi. Lakini mwulize afisa anayepanda pikipiki kwenda vijijini kila Jumatatu akutajie malengo hayo. Aghalabu hatafika la tatu. Msimwone mzembe. Yeye anatekeleza hati nyingine kabisa, nayo ni mkataba wa ruzuku unaomlipa mshahara.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Mipango yetu haikwami kwa uvivu wa watu, wala kwa uhaba wa semina za kupanga. Inakwama kwa sababu asasi huandika mpango mmoja, kisha hupokea fedha za mpango mwingine, na ndani ya asasi hakuna aliyepewa mamlaka ya kuzikataa fedha hizo.

Tazameni kwanza jinsi mpango unavyozaliwa. Tangazo la ruzuku linatoka. Katika orodha ya viambatisho kuna cheti cha usajili, katiba, hesabu zilizokaguliwa, na mpango mkakati. Mpango wa zamani umekwisha muda wake. Anatafutwa mshauri elekezi, unakodiwa ukumbi kwa siku mbili au tatu, wanaitwa wadau. Kuta zinajaa karatasi za kadi: nguvu zetu, udhaifu wetu, fursa, vitisho. Mshauri anaondoka na karatasi hizo na baada ya mwezi analeta rasimu iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo sehemu ya wanachama na baadhi ya wajumbe wa bodi hawaisomi kwa raha. Wanaipitisha kwa sababu muda wa kutuma maombi unakaribia. Hati iliyozaliwa hivyo imekwisha kufanya kazi yake siku maombi yanapopokelewa. Sioni ajabu kwamba haifunguliwi tena.

Na chombo chenyewe tunachokitumia kina asili yake. Bangokitita lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, lililotaka kujua fedha zake zinazaa nini. Ni chombo kizuri kwa mtoa fedha anayemfuatilia mpokea fedha akiwa mbali. Sisi tumelichukua tukalifanya ndilo kichwa cha asasi, tukadhani kuweka shughuli kwenye visanduku ni sawa na kuamua. Henry Mintzberg, mwalimu wa menejimenti wa Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, aliandika kitabu kizima juu ya kosa hili mwaka 1994, na alikuwa akizungumzia makampuni makubwa yenye idara za mipango na fedha za kutosha. Hoja yake iliyonikaa zaidi ni kwamba mkakati hufa pale wanaofikiri wanapotenganishwa na wanaotenda. Katika asasi zetu mtengano huo ni mkubwa kuliko hata katika makampuni hayo, kwa kuwa anayefikiri ni mshauri wa wiki mbili, naye hayupo tena kazi inapoanza.

Lakini nisikae sana hapo. Hata mpango ulioandikwa vizuri, kwa Kiswahili, na watu wa ndani, utagota kwenye fedha.

Tuchukue asasi ya kubuni, ili tusimtaje mtu. Bajeti yake ni shilingi milioni 600 kwa mwaka. Miradi minne inaleta milioni 560, na kila shilingi ina mstari wake kwenye mkataba. Zinabaki milioni 40 zinazotokana na ada za wanachama, kukodisha ukumbi, na asilimia ndogo ya uendeshaji. Katika milioni 40 hizo mna pango la ofisi, umeme, nusu ya mshahara wa mhasibu, mkaguzi wa hesabu na vikao vya bodi. Mpango mkakati wa asasi hiyo unasema kipaumbele cha kwanza ni haki ya wanawake kumiliki ardhi. Miradi minne ni ya lishe, VVU, vyoo vya shule, na mikopo ya vijana. Niambieni, katika asasi hiyo nani anautekeleza mpango mkakati? Labda mkurugenzi, Jumamosi, akipata nafasi.

Ukaguzi wa hesabu wa asasi hiyo utatoka safi. Ripoti zote nne zitafika kwa wakati. Wafadhili wote wanne wataridhika. Na mwanamke aliyenyang'anywa shamba baada ya mumewe kufariki, yule ambaye kwa ajili yake wanachama walikutana na kuanzisha asasi, hatafikiwa. Hapo ndipo linaponiuma mimi jambo hili. Kushindwa kwa mpango hakuonekani popote kwenye karatasi.

Simlaumu mkurugenzi. Ana watumishi 14 ambao mikataba yao inakwisha Desemba, na kila mmoja ana watoto shuleni. Likitokea tangazo la ruzuku ya mabadiliko ya tabianchi, ataandika andiko la tabianchi, na atapata hoja ya kuliunganisha na ardhi ya wanawake, maana hoja haikosekani. Mwaka ujao ardhi hiyo itaunganishwa na ajira za vijana. Mpango wenye malengo mapana kiasi hicho hauwezi kumzuia, kwa kuwa kila kitu kinaingia ndani yake. Na mara nyingi mapana hayo yamewekwa makusudi, ili lango lisifungwe.

Kuna jambo la gharama za uendeshaji ambalo wafadhili na asasi wamekuwa wakifichana kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard waliandika makala katika jarida la Stanford Social Innovation Review wakieleza mzunguko huu: mfadhili anatarajia gharama ndogo za ofisi kuliko zilivyo kweli; asasi, kwa hofu ya kukosa ruzuku, inaandika ndogo; mfadhili anaona kumbe inawezekana, na mara inayofuata anatarajia ndogo zaidi. Mwisho wake asasi haina mhasibu wa kutosha, haina kompyuta zinazofanya kazi, haina muda wa kukaa na kujifunza. Waliyaandika wakitazama Marekani. Huku kwetu, Umoja wa Ulaya hulipa gharama hizo hadi asilimia 7. Serikali ya Marekani ilikuwa ikitoa asilimia 10 kwa asasi isiyo na kiwango chake kilichoafikiwa, ikapandisha hadi 15 mwezi Oktoba 2024. Kumbukeni kwamba kufuatilia mpango, kuwakutanisha watumishi, kurudi kijijini kuuliza kama kazi imefaa, vyote hivi huingizwa kwenye fungu hilo dogo. Tunapolibana, tunabana utekelezaji wenyewe.

Kisha ukaja mwaka 2025. Januari 20 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi 10 Waziri wake wa Mambo ya Nje akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Julai 1 shirika lenyewe likaacha rasmi kutekeleza misaada. Uingereza nayo, ambayo mwaka 2021 ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, ilitangaza Februari 2025 kwamba itashuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Wapo humu ndani waliopokea barua ya kusimamisha kazi jioni, na asubuhi yake wakawakusanya wahudumu wa ngazi ya jamii na kuwaambia warudi nyumbani. Wagonjwa waliokuwa wakitembelewa majumbani hawakupewa notisi ya siku 90.

Wiki zile zingekuwa ndiyo saa ya mpango mkakati. Swali lilikuwa dhahiri: kama tutabaki na robo ya fedha, tushike nini na tuachie nini? Mpango unaoorodhesha malengo sita yaliyo sawa kwa uzito hauna jibu. Aliyeamua basi akawa ni mkataba: kilichokuwa na fedha kikaendelea, kisichokuwa nazo kikafa, bila kujali kipi kilikuwa na maana zaidi kwa watu.

Sheria nazo hubadilika katikati ya mpango, na hili nitalipitia kwa haraka kwa sababu mnalijua. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2018 zilitaka mikataba ya ruzuku inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilibana utoaji wa takwimu, na mwaka 2019 ikalegezwa. Kenya ilipata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma Januari 2013, lakini haikuanza kutumika hadi Mei 14, 2024. Asasi za Kenya zilizoandika mipango ya miaka mitano zikiitegemea sheria hiyo ziliandika miwili mfululizo kabla haijafika. Mpango usioweza kurekebishwa kila mwaka hauwezi kuishi katika mazingira hayo.

Sasa nataka niwapeleke Bangladesh, kwa sababu huko kuna asasi iliyotekeleza, na namna ilivyotekeleza inafaa kutazamwa kwa karibu.

BRAC ilianzishwa mwaka 1972 na Fazle Hasan Abed, mhasibu aliyekuwa ofisa wa kampuni ya mafuta ya Shell, katika eneo la Sulla, baada ya vita vya ukombozi. Hapa Tanzania imekuwapo tangu 2006. Lakini nazungumzia mwaka 1979, ilipokuwa na umri wa miaka saba tu. Watoto wengi walikuwa wakifa kwa kuharisha. Watafiti wa Dhaka walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1968, kwamba maji ya chumvi na sukari yanaokoa maisha. Dawa ilijulikana, kina mama hawakuwa nayo. BRAC ikaamua kumfundisha mama mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kutengeneza dawa hiyo kwa vitu vya jikoni kwake: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na nusu lita ya maji. Huo ndio ulikuwa mpango, na angalieni ulivyo mfupi. Haukuwa na malengo sita.

Waliokwenda majumbani walikuwa wanawake waliolipwa kwa namna ya pekee. Hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizopita. Baada ya wiki kadhaa mfuatiliaji mwingine alikwenda kwa sehemu ya kina mama waliofundishwa, akawauliza mambo waliyofundishwa na kuwataka watengeneze dawa mbele yake. Malipo ya mwalimu yalitegemea mama amekumbuka nini na ameweza nini. Linganisheni na ripoti zetu, ambamo kiashiria ni idadi ya waliohudhuria semina, na ushahidi ni karatasi ya mahudhurio yenye saini za waliopokea nauli.

Hata hivyo mambo hayakwenda. Wafuatiliaji waligundua kwamba kina mama wanakumbuka vizuri, wanatengeneza vizuri, lakini mtoto akiharisha ni wachache wanaoitumia dawa. Kwa kipimo cha miradi yetu wangeweza kuandika kwamba lengo limefikiwa kwa asilimia zaidi ya 90 na kuomba awamu ya pili. Wao walirudi kuuliza. Wakakuta jambo ambalo hakuna bangokitita lingelikamata: baadhi ya walimu wenyewe hawakuiamini dawa waliyokuwa wakiifundisha. Walipougua tumbo walimeza vidonge. Wakapelekwa Dhaka, kwenye hospitali ya kipindupindu, wakaonyeshwa kwa macho yao inavyofanya kazi. Wafuatiliaji wakakuta pia kwamba wanaume hawakuhusishwa, na baba au mkwe alipokataa, mama hakuwa na la kusema. Wakaanza kuzungumza na wanaume sokoni na misikitini. Mambo kumi ya kukariri yakapunguzwa hadi saba. Kufikia 1990 walikuwa wamezifikia takribani kaya milioni 12.

Najua mtaniambia BRAC ni jitu, ina duka la Aarong tangu 1978, ina benki, inajilipia sehemu kubwa ya bajeti yake. Ni kweli, na uhuru wa fedha zake ni sehemu ya somo. Lakini jambo lililookoa mpango wao halikuhitaji utajiri. Lilihitaji lengo moja linaloweza kusemwa na mwalimu wa kijijini kwa maneno yake, kipimo kinachogusa maisha ya mama, na viongozi waliotaka kusikia habari mbaya mapema. Kwetu habari mbaya hupanda ngazi polepole. Afisa wa mradi anajua kuwa vikundi vya kuweka na kukopa vimesambaratika. Msimamizi wake anaandika kwamba vinakabiliwa na changamoto. Ripoti kwa mfadhili inasema vinaendelea kuimarishwa. Kila mmoja analinda kibarua cha mwenzake, na bodi inapitisha.

Hapa nyumbani tunao mfano wa waliothubutu kusikia. Twaweza ilianza mwaka 2009 katika Tanzania, Kenya na Uganda, ikiamini kwamba wananchi wakipata taarifa watachukua hatua, na kwamba taarifa zipitishwe kwenye njia zinazowafikia tayari: simu, redio, nyumba za ibada, walimu, bidhaa za madukani. Chini ya programu yake ya Uwezo, watoto walipimwa majumbani kusoma na kuhesabu, na wazazi wakaelezwa matokeo palepale. Wazo lilikuwa zuri na lilipendwa. Watafiti watatu, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walikwenda vijijini Kenya kutazama kama wazazi waliopewa matokeo walifanya chochote tofauti na wenzao. Hawakuona tofauti ya maana, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2014. Twaweza haikuuficha. Iliujadili hadharani pamoja na wakosoaji wake, na mkakati wake wa 2015 hadi 2018 ukapunguza maeneo ya kazi hadi mawili, elimu ya msingi na uwazi wa serikali. Mambo mengine ikayaacha.

Kuyaacha ndiko kugumu. Kuacha kuna watumishi wake, kuna wanakijiji waliozoea kukuona, kuna mfadhili atakayeuliza kulikoni. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya bodi kabla haijawa ya mkurugenzi. Mkurugenzi aliyeajiriwa hawezi peke yake kuikataa ruzuku ya milioni 200 na kesho yake akawatazama watumishi machoni. Bodi inaweza, ikiwa imekaa mapema na kuandika ni ruzuku za namna gani asasi haitaziomba, na ikiwa imemwambia mkurugenzi kwamba akikataa, itasimama naye. Bodi nyingi hukutana mara mbili au nne kwa mwaka, zikapokea taarifa ya utekelezaji wa miradi, zikapongeza, zikala chakula cha mchana. Mpango mkakati hauko hata kwenye ajenda. Na pale ambapo mwanzilishi wa asasi ndiye mkurugenzi, na wajumbe ni marafiki zake wa siku nyingi, hakuna anayeuliza kabisa. Tuliangalie jambo hili bila kuoneana haya.

Ninyi wafadhili mliopo, nawaombeni jambo ambalo lipo ndani ya uwezo wenu. Mwaka 2016, katika makubaliano yaliyoitwa Grand Bargain, mataifa na mashirika makubwa yaliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya fedha za misaada ya kibinadamu ingekwenda moja kwa moja kwa asasi za wenyeji kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika na kupita ahadi ikiwa haijatimizwa. Kwa hiyo sitawaomba ahadi mpya. Naomba mkiisoma hati ya mpango mkakati iliyoambatanishwa kwenye maombi, muulize kwa dhati: ni sehemu gani ya mpango huu haina fedha, na je, tunaweza kuilipia hiyo? Na mkubali ripoti moja inayofuata mpango wa asasi, badala ya kila mmoja wenu kudai ripoti yake kwa muundo wake na kwa tarehe yake. Mhasibu anayeandaa ripoti nne kila robo mwaka hana siku ya kufanya kitu kingine.

Na kwa vikundi vidogo vya kata na vijiji ambavyo havina mfadhili wala mtumishi, msidhani mazungumzo haya hayawahusu. Ninyi mna uhuru ambao asasi kubwa zimeupoteza. Msiukimbilie mpango wa kurasa 60. Andikeni karatasi moja kwa Kiswahili: mwaka huu tutafanya hili, kwa watu hawa, kwa fedha hizi tulizochanga wenyewe, na tutajua tumefaulu tukiona jambo fulani limebadilika. Isomeni katika kila mkutano mkuu wa wanachama, mbele ya wale mnaowahudumia.

Wengi wenu mipango yenu inakwisha mwaka huu au ujao. Kabla ya kumtafuta mshauri elekezi, waiteni maafisa wa miradi peke yao, bila mkurugenzi chumbani, na muwape siku nzima. Waandike kazi zipi walizozifanya miaka mitatu iliyopita zimebadilisha maisha ya mtu wanayeweza kumtaja, na zipi walizifanya kwa sababu zilikuwa kwenye mkataba. Karatasi hiyo iende kwenye bodi kama ilivyo, bila kulainishwa. Halafu chukueni bajeti ya mwaka unaokuja, na pembeni ya kila mstari mwandike ni lengo gani la mpango linalolipiwa na mstari huo. Mistari isiyo na lengo ijadiliwe mmoja mmoja, na malengo yasiyo na mstari nayo yajadiliwe, mpaka kikao kiamue ama kuyatafutia fedha ama kuyafuta kwenye mpango. Kama kikao kitachukua siku mbili, kichukue siku mbili, na muhtasari wake wapewe wanachama wote.